Vuli isiyo na mvua: Majani yanayopukutika katika picha na katika Kiswahili

MWALIMU mmoja wa shule ya upili kutoka Kakamega ameniandikia kuhusu jambo linalomtatiza. Mwanafunzi wake wa kidato cha tatu, aliyeagizwa kutunga insha kuhusu safari ya ughaibuni, alianza hivi: "Ilikuwa majira ya vuli jijini London. Majani mekundu yalipukutika na kutanda barabarani kama zulia." Mwalimu anauliza: Je, neno "vuli" alipigie mstari wa wino mwekundu au aliache? Na akilikata, amwambie mtoto aandike nini badala yake?

Nilipoisoma barua hiyo nilicheka, kisha nikanyamaza. Nilicheka kwa sababu kosa hilo, ikiwa ni kosa, nililitenda mimi mwenyewe, tena si katika insha bali nyuma ya picha nilizompelekea mama yangu mzazi. Nilinyamaza kwa kuwa nilikumbuka swali aliloniuliza, ambalo mpaka leo naliona kuwa somo bora la lugha kuliko mengi niliyopata darasani. Nawaomba radhi waliokuwa wakingoja tuendelee na mjadala wetu wa viambishi. Tutaurejelea juma lijalo. Leo tuzungumze kuhusu picha, rangi na majani.

Picha kumi na mbili

Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha Kiswahili kwa muhula mmoja mjini Madison, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani. Chuo kikuu cha mji huo kimepakana na Ziwa Mendota, na kandokando ya ziwa ipo njia ya miguu inayokupeleka hadi kwenye rasi iitwayo Picnic Point. Nilifika mwezi wa Agosti, miti ikiwa ya kijani kibichi kama ya Limuru. Mwishoni mwa Septemba nikaona jani moja la manjano, nikadhani lina ugonjwa. Kufikia katikati ya Oktoba, bwana wee, ukingo mzima wa ziwa ulikuwa kama umetiwa moto.

Mti uliotia fora ni ule uitwao mepo wa sukari, ambao ndio mti rasmi wa jimbo la Wisconsin. Jani lake lina ncha zilizotanuka kama vidole vya mkono uliokunjuliwa; ukiiona bendera ya Kanada umekwisha kuliona jani la mepo. Utomvu wake huchemshwa mpaka ukawa shira. Kando yake kulikuwa na mialoni, mti ambao wengi wetu tunaujua kwa jina tu, kutokana na Biblia, lakini hatujawahi kuutia machoni.

Basi siku moja saa sita mchana, jua likiwaka, nikatoka na kamera yangu ndogo. Nilipiga picha zaidi ya mia moja. Nikachagua kumi na mbili, nikazichapisha, na nyuma ya kila moja nikaandika kwa hati nzuri: "Vuli, Madison." Jamaa mmoja aliyekuwa akirejea nyumbani akanibebea hadi Likoni kwa mama. Wiki mbili baadaye nikapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Picha umezipata?"

"Nimezipata. Lakini vuli gani hii, mwanangu, isiyo na hata tone? Mimi naona miti imekufa kiu. Huko kuna ukame? Chakula mnapata?"

Nilicheka, nikamweleza kwamba si ukame, ni majira ya huko tu, kila mwaka huwa hivyo. Hakuridhika. "Basi mbona umeandika vuli?" Sikuwa na jibu. Mimi, niliyevuka bahari kwenda kuwafundisha watu Kiswahili, nilikuwa nimebanwa kwa neno moja na mwanamke ambaye hajawahi kusoma sarufi.

Vuli ni nini hasa?

Mama alizaliwa pwani na kukulia pwani, na misimu ya pwani imepangwa na pepo na mvua, wala si na majani. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Uarabuni. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, na ndiyo iliyoyarudisha makwao. Baina ya pepo hizo watu wakaweka majina mengine: masika, mvua ndefu za Machi hadi Mei, kipupwe, baridi ya Juni hadi Agosti, demani, wakati kusi inapolegea na bahari kutulia, vuli, mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na kiangazi, jua kali linalofuata. Kwa mtu wa pwani, na kwa mkulima wa bara pia, ukisema "vuli" umekwisha kusema mvua. Neno lenyewe limelowa. Dalili ya mvua ni mawingu, na katika picha zangu hapakuwa na wingu hata moja.

Sasa ilikuwaje neno la mvua likapewa kazi ya kupukutisha majani ya Ulaya na Marekani? Nionavyo mimi, sababu ni kalenda. Majira ambayo Waingereza huyaita "autumn" huko kaskazini mwa dunia huanza Septemba na kuishia Novemba au Desemba. Vuli yetu nayo huangukia karibu miezi hiyohiyo. Mfasiri mwenye haraka, aliyepewa misimu minne ya wageni na kutakiwa kuitafutia majina manne ya Kiswahili, akatazama miezi badala ya kutazama miti. Kipupwe kikawa majira ya theluji, na vuli ikawa majira ya majani makavu. Wengi wetu tukafuata, nami nikiwemo.

Hoja hii huanguka mara tu ukivuka ikweta. Kule Cape Town, Afrika Kusini, miti ya namna hiyo hupukutisha majani kati ya Machi na Mei. Tukishikilia kwamba majira hayo ni "vuli", itatulazimu kusema kwamba vuli ya Cape Town huanza masika yakianza! Neno linalotegemea kalenda ya upande mmoja wa dunia haliwezi kuwa jina la kitu kinachotokea pande zote mbili.

Hata wenyewe hawakubaliani kuhusu jina. Wamarekani hupenda kuyaita majira hayo "fall", yaani kuanguka, kwa sababu ya majani yanayoanguka. Neno hilo lilitumika zamani Uingereza kwenyewe kabla ya kubaki zaidi Marekani. Wajerumani husema "Herbst", neno lenye asili moja na lile la Kiingereza linalomaanisha mavuno. Kumbe mmoja ametazama mti, mwingine ametazama shamba, nasi tukatazama mawingu. Kila lugha imetaja kile ambacho wenyewe walikiona na kukihitaji.

Mama alikuwa sahihi

Kabla sijafika kwenye kamera, niruhusuni niseme kidogo kuhusu jani lenyewe, kwa maana huwezi kupiga picha nzuri ya kitu usichokielewa.

Ndani ya jani kuna klorofili, kitu cha kijani kinachotumia mwanga wa jua kuutengenezea mti chakula. Humohumo kuna rangi za manjano ziitwazo karotenoidi, jamaa ya zile zinazoipa karoti sura yake, lakini kijani huzifunika. Nairobi, iliyo karibu na ikweta, urefu wa mchana hubadilika kwa dakika chache tu mwaka mzima. Madison si hivyo: mwezi wa Juni mchana hupita saa 15, na mwezi wa Desemba hubaki kama saa tisa. Siku zinapofupika na usiku kuanza kupoa, mti huacha kutengeneza klorofili mpya. Iliyopo huvunjikavunjika, na manjano yaliyokuwemo tangu mwanzo hujitokeza.

Nyekundu ni habari nyingine. Rangi hiyo, iitwayo anthosianini, kwa miti kama mepo huwa haikuwemo. Hutengenezwa wakati huo wa mwishoni kutokana na sukari iliyobaki katika jani. Ndiyo maana mwaka wenye mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha huzaa nyekundu kali kuliko mwaka wa mawingu matupu. Mialoni nayo huishia kwenye kahawia kwa sababu ya tanini, ileile inayoipa chai ya rangi ukakasi wake. Mwishowe mti hujenga kizuizi pale kikonyo kinaposhikana na tawi, njia ya maji ikazibwa, jani likaachia.

Na kwa nini mti ujivue nguo wakati wa baridi? Sababu kubwa ni maji. Ardhi ikiganda, mizizi haiwezi kunyonya, na majani mapana yangeendelea kupoteza maji mti usioweza kuyarudisha. Kwa hivyo kwa mti, majira ya theluji ni aina ya ukame. Mibuyu ya Kilifi hufanya jambo lilo hilo wakati wa kiangazi: hupukutisha majani ili kubana matumizi ya maji. Mama alipotazama picha na kusema "miti imekufa kiu", alikosea neno "kufa" tu. Mengine yote aliyasoma sawasawa. Kilichodanganya ni maandishi yangu nyuma ya picha.

Kubadilishana: Kamera kwa maneno

Hata hivyo, picha zenyewe nazo zilikuwa na kasoro. Mmoja wa wanafunzi wangu, kijana aliyependa sana kupiga picha, alizitazama kwenye kamera yangu, akajitahidi kwa Kiswahili chake kipya: "Mwalimu, samahani, rangi zimelala." Nilimsifu kwa kitenzi hicho. Tukapatana: kila Jumamosi asubuhi yeye atanifundisha mwanga, nami nitamfundisha majina ya rangi. Sikujua kwamba masomo hayo mawili yangekuwa somo moja.

Somo la kwanza lilikuwa saa. Mimi nilitoka saa sita mchana kwa mazoea ya nyumbani kwamba jua kali ndilo linaloonyesha. Alinieleza kwamba katikati ya Oktoba jua la Madison, hata likifika juu kabisa, halipandi zaidi ya nyuzi 38 au 39 hivi kutoka upeo wa macho. La Nairobi siku hiyo hupita nyuzi 80, karibu na utosi. Jua la huko hutembea kwa mshazari kutwa nzima, na saa ya kwanza baada ya kuchomoza na ya mwisho kabla ya kuzama ndizo saa ambapo mwanga wenyewe hugeuka rangi ya asali. Tukawa tunakutana saa moja asubuhi, jua likichungulia, mikono imekufa ganzi.

Somo la pili lilikuwa mahali pa kusimama. Nilikuwa nimefundishwa zamani na mpigapicha wa mtaani kwetu kwamba jua liwe mgongoni. Kijana akanigeuza. "Weka jani katikati yako na jua," akasema. Nikatazama. Jani la mepo lililokuwa jekundu la kawaida likawaka kama karatasi iliyofunika taa, mishipa yake yote ikionekana. Nikajikuta nimesema kwa sauti: "Nyekundu ndu!"

Hapo ndipo zamu yangu ilipofika. Nilimweleza kwamba Kiswahili kina rangi tatu tu ambazo ni vivumishi halisi, vinavyochukua kiambishi cha ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Jani jekundu, majani mekundu, mti mwekundu, picha nyekundu. Tena rangi hizi tatu zina hata tanakali zake: nyeupe pe, nyeusi tititi, nyekundu ndu. Rangi nyingine zote tunaziazima kutoka kwa vitu, kisha tunaziunganisha kwa kihusishi cha -a. Hatusemi "majani mamanjano". Tunasema majani ya manjano, na manjano ni bizari ile ya jikoni. Kahawia imetoka kwenye kahawa. Zambarau ni tunda. Kijivu kimetoka kwenye jivu. Rangi ya chungwa inajieleza. Damu ya mzee ni nyekundu iliyoelekea weusi, na maji ya kunde ni ule wekundu wa udongo tunaouona kwenye ngozi ya mtu.

Kijana akafikiri kidogo, akauliza: "Na kijani?" Nikamwambia kijani kimetoka kwenye jani. Akacheka: "Sasa jani likiacha kuwa kijani, linaitwa nani?" Swali la utani, lakini lilinikaa. Katika lugha yetu jani ndilo lililoipa rangi jina. Likigeuka, inabidi likakope jina kwa bizari, kwa kahawa, kwa chungwa, kwa damu. Na mkopo huo ni faida kwa mpigapicha. Ukisema tu "rangi nzuri", huoni kitu. Ukijilazimisha kuamua kama jani hili ni la manjano au ni la dhahabu, kama ule mwaloni ni wa kahawia au ni wa kutu, lazima ulitazame jani hadi mwisho.

Somo la tatu lilihusu ujanja wa kamera. Kamera nyingi na simu nyingi zina mpangilio wa kujiamulia kipi ni cheupe. Ukiielekeza kwenye msitu mzima wa manjano, haijui kwamba msitu ndio wa manjano. Hudhani ni mwanga. Basi hujitia kusahihisha kwa kuongeza buluu, na manjano yako yanachujuka kama leso iliyofuliwa mara nyingi. Dawa ni kuiondolea uamuzi huo: iweke kwenye alama ya jua, au ya mawingu, na uiache hapo. Nilipoelezwa hayo nilijifikiria mimi na "vuli" yangu. Nami pia nilikutana na kitu kigeni nikakirekebisha hadi kikafanana na nilichokizoea.

Somo la nne ni la wekundu. Nyekundu kali huishinda kamera upesi: mwanga ukizidi kidogo tu, jani linakuwa kidoa kitupu kisicho na mshipa wala kunyanzi. Punguza kiasi cha mwanga mpaka picha ionekane na giza kidogo kuliko unavyopenda, na wekundu utakolea wenyewe.

Somo la tano lilikuja bila kupangwa: mvua ilinyesha. Mimi nilitaka kurudi nyumbani, kijana akanishika mkono. Siku ya mawingu mwanga huenea kote na vivuli vikali hutoweka. Majani yaliyolowa huwa na rangi nzito zaidi, lakini hung'aa kama sahani yenye mafuta, na ule mng'ao mweupe hufunika rangi. Alikuwa na kioo cha kuchuja mng'ao, kinachofungwa mbele ya lenzi na kuzungushwa polepole. Alikizungusha, nikaona kwa macho yangu weupe ukiondoka na nyekundu ikipanda. Hiyo, nilimwambia, ndiyo picha ya pekee ambayo mama angekubali tuiite vuli.

Hali ya moyo

Rangi bado si majira. Wapo wanaorudi na picha mia za majani mekundu na hakuna hata moja inayokufanya uhisi baridi. Ni sawa na ile insha tunayoijua sote, iliyojazwa methali na tashbihi tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, nawe ukimaliza hukumbuki kilichotokea. Insha hiyo haina nafasi ya kupumua.

Kinacholeta hisia ni kile kinachoondoka. Asubuhi za Oktoba, hewa huwa imepoa kuliko maji ya ziwa, na mvuke hupanda juu ya maji ukawa ukungu. Tulipiga picha ya benchi moja tupu kando ya Ziwa Mendota, jani moja la manjano limekaa juu yake, na nyuma yake ni ukungu mtupu. Robo tatu ya picha haina kitu. Ndiyo inayozungumza zaidi. Nyingine tuliipiga kwa kuacha pazia la kamera wazi kwa muda mrefu kidogo, sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde, ili jani linaloanguka liache mchirizi. Wahenga walisema macho hayana pazia. Kamera inalo, na ukijua kulichelewesha unaweza kuupata hata mwendo.

Katika Kiswahili hali hiyo tunaifikia kwa vitenzi zaidi kuliko kwa majina. Angalia: majani hunyauka, hupauka, hukauka, huanguka, hudondoka, hupukutika. Si visawe hivyo. Kunyauka ni kulegea kwa kukosa maji. Kupauka ni kupoteza rangi na unyevu kama ngozi isiyopakwa mafuta. Kudondoka ni moja moja. Kupukutika ni mengi, kwa mfululizo, bila kusukumwa na mtu, na ndani ya neno hilo kuna kuisha. Ndiyo maana husemwa pia kuhusu watu wanaokufa kwa wingi. Mpigapicha anayejua tofauti hii atajua pia kama anapiga picha ya jani linalodondoka au ya msitu unaopukutika. Hizo ni picha mbili, zenye masafa mawili na huzuni mbili.

Mkungu wa Likoni

Mwisho wa muhula nilimpelekea mama picha nyingine, tano tu. Safari hii nyuma yake sikuandika vuli. Niliandika nilichokiona: "Majani ya mepo, saa moja asubuhi. Yanapukutika kabla ya baridi." Nilipopiga simu hakuniuliza kuhusu ukame.

"Kumbe ni kama mkungu wetu," akasema.

Nilinyamaza kwa muda. Mbele ya nyumba yetu kulikuwa na mkungu, ule mti wa pwani wenye matawi yaliyotandazwa kama miavuli iliyopandana. Kila mwaka majani yake mapana hugeuka ya manjano, ya chungwa, kisha mekundu ndu, ndipo huanguka. Utotoni nimeyafagia majani hayo asubuhi nyingi kabla ya kwenda shule, huku nikinung'unika. Nimezivunja kungu zake kwa jiwe. Lakini sikuwahi hata siku moja kusimama chini ya mti ule nikatazama juu, jani likiwa kati yangu na jua. Nilipanda ndege mpaka Wisconsin kwenda kustaajabia kitu ambacho kilikuwa uani kwetu.

Niliporudi nyumbani nilingoja msimu wake, nikaupiga picha mkungu ule asubuhi, kwa masomo yote matano. Picha ni nzuri, lakini haina huzuni ya Madison. Pembeni yupo mtoto wa jirani anaokota kungu, na ufagio umeegemezwa ukutani. Rangi ni zilezile, hali ya moyo ni nyingine, kwa sababu hapa hakuna anayejiandaa kwa baridi ya miezi minne. Jani jekundu kwetu ni kazi ya kufagia.

Basi, mwalimu wa Kakamega, jibu langu ni hili. Usimkate mwanafunzi wako alama kwa neno "vuli", kwa sababu amelikuta katika maandishi ya wakubwa wake, nami nikiwa mmojawapo. Mwandikie pembeni kwamba vuli ni mvua, na kwamba majira anayoyakusudia tuyaite majira ya kupukutika kwa majani. Kwa wanaoliona hilo kuwa refu mno, napendekeza "mpukutiko": mpukutiko wa Madison, mpukutiko wa Cape Town, na hata mpukutiko wa mkungu wa Likoni. Ni jina la U-I, limeundwa kwa kanuni zetu kutokana na kitenzi chetu, na halitegemei kalenda ya mtu yeyote.

Lakini neno ambalo ningelizungushia duara katika insha hiyo si "vuli". Ni "mekundu". Mti uliopandwa kwa wingi kandokando ya barabara za London, ambao hata umepewa jina la jiji hilo, majani yake hugeuka ya manjano na ya kahawia kuliko mekundu. Mtoto wako ameazima majani ya filamu za Marekani akayamwaga London. Mpeleke nje, chini ya mti wowote ulio karibu na darasa, mpe jani moja lililoanguka, umwambie alielezee kwa sentensi tano bila kutumia neno "nzuri". Kama ana simu, alipige picha kwanza, jani likiwa kati yake na jua.